UZI: Tunauliza nani aliwasha kiberiti. Nyasi zilikauka lini?

1/ Kila fujo zikizuka nchini, mjadala huwa ule ule, kwenye runinga, kwenye matatu na hapa mtandaoni. Kundi moja linauliza, "Nani amefadhili?" Kundi la pili linasema, "Lakini hakuna mtu angejua." Leo nataka kuonyesha kwamba kauli zote mbili zina shimo, na shimo hilo limeshameza watu. Uzi ni mrefu. Weka chai.

2/ Sheria za hapa mnazijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Tunajadili mambo. Ukileta jina kwenye majibu nitakupita tu kama matatu iliyojaa.

3/ Turudi 2007. Ungemuuliza mfanyabiashara yeyote pesa zake ziko salama wapi katika eneo hili, angekuambia Kenya. Uchumi ulikua kwa takriban asilimia 7 mwaka huo. Majirani zetu wengi walikuwa vitani au wametoka vitani juzi tu, na wakimbizi wao walikuja kwetu. Tulijiita kisiwa cha amani, na tuliamini.

4/ Kura zikapigwa tarehe 27 Desemba. Matokeo ya urais yakatangazwa jioni ya tarehe 30. Ndani ya saa chache kulikuwa na moto Kisumu, Kibera, Eldoret na kwingineko. Mapatano yaliposainiwa tarehe 28 Februari 2008, tulikuwa tumeshazika wengi. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133, na watu takriban 350,000 waliofurushwa makwao. Mwaka huo uchumi ulikua kwa chini ya asilimia 2.

5/ Mimi nilikuwa na miaka minne, tukiishi Nakuru. Ninachokumbuka ni kidogo: mamangu akizima redio, na kabati likisukumwa mlangoni. Nyumba yetu haikuchomwa. Ya mkabala ilichomwa. Mama wa nyumba hiyo ndiye aliyekuwa akibaki na mimi mamangu akienda sokoni. Hatujawahi kumwona tena. Nilipoingia chuo kusomea sayansi ya siasa, hili ndilo swali nililokwenda nalo: kuna siku yoyote ambapo mtu angeweza kujua?

6/ Jibu la kwanza nililikuta mahali sikutarajia, kwa watu wa fizikia. Mwaka wa 1987 Per Bak na wenzake wawili waliunda lundo la mchanga kwenye kompyuta. Unadondosha punje moja moja. Mara nyingi hakuna kinachotokea. Mara nyingine punje chache zinateleza. Halafu siku moja punje moja, isiyo na tofauti yoyote na zile za kwanza, inaangusha upande mzima wa lundo.

7/ Sasa niambie: ni punje ile ya mwisho ndiyo iliyoangusha lundo? Ndiyo na hapana. Bila hiyo mchanga haungeanguka dakika ile. Lakini punje hiyo hiyo ungeidondosha wiki moja kabla, isingefanya lolote. Nguvu iko kwenye mteremko uliojengwa polepole. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa hakichagui ni punje ipi itakayomwagika.

8/ Hii ndiyo sayansi ya mifumo changamano. Usiogope jina. Inasema hivi: kuna mambo ambayo huwezi kuyaelewa kwa kuchunguza sehemu moja moja, kwa sababu tabia yake inatokana na jinsi sehemu hizo zinavyogusana. Msongamano wa magari Thika Road hauko ndani ya gari lolote. Uko kati ya magari. Na fujo za siasa haziko ndani ya mtu mmoja tu. Ziko kati ya watu.

9/ Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwanasosholojia Mark Granovetter, wa mwaka wa 1978. Nitauleta nyumbani. Kwenye stendi kuna watu 100, wote wamekasirika. Kila mmoja ana kizingiti chake: idadi ya watu anaotaka kuona wakirusha jiwe kabla yeye hajarusha. Wa kwanza kizingiti chake ni sifuri, anarusha bila kungoja mtu. Wa pili anangoja mmoja. Wa tatu anangoja wawili. Hivyo hivyo mpaka wa mia, ambaye anangoja wenzake 99.

10/ Wa kwanza akirusha, wa pili anarusha, wa tatu anafuata, na stendi nzima inalipuka. Magazeti kesho yake: "Mtaa wa wahuni." Sasa badilisha mtu mmoja tu. Yule aliyekuwa anangoja mmoja, mfanye angoje wawili. Wa kwanza anarusha jiwe. Watu wanamtazama. Hakuna anayefuata. Magazeti: "Mhuni mmoja akamatwa."

11/ Watu ni wale wale. Hasira ni ile ile. Karibu kila kitu ni kile kile, lakini matokeo ni mbingu na ardhi. Ndiyo maana ukiangalia fujo ukasema "watu wa pale ndivyo walivyo," umekosea hesabu. Na ukiangalia utulivu ukasema "watu wa hapa ni wapenda amani," umekosea vilevile. Sisi wa 2007 tulikosea hivyo. Tulidhani utulivu ni tabia yetu, kumbe ulikuwa umeshikiliwa na vizingiti.

12/ Kwa hivyo swali linalofaa ni: nini kilishusha vizingiti vya Wakenya kabla ya 2007? Hapa ndipo historia inaingia. Anza Oktoba 1991, shamba la Miteitei kule Nandi, nchi ikielekea kurudi kwenye vyama vingi. Familia zilichomewa nyumba, zikaambiwa zirudi zilikotoka. Fujo zikasambaa Bonde la Ufa kabla na baada ya uchaguzi wa 1992. Mwaka wa 1997 ikawa zamu ya Likoni, kule Pwani. Mgogoro wa ardhi ulikuwa wa tangu ukoloni, lakini sasa ulikuwa umeunganishwa na kalenda ya kura.

13/ Tume ziliundwa, ripoti zikaandikwa, na waliochoma wengi wao hawakuona ndani ya mahakama. Hebu rudi kwenye ile stendi. Mtu akichoma nyumba ya jirani na miaka mitano baadaye bado analima shamba lile, kizingiti cha kila anayemtazama kinashuka. Kutoadhibu kulikuwa punje. Neno "madoadoa," la kuwaita majirani wako, lilikuwa punje. Kumrudisha mtu shambani bila kuzungumza yaliyompata ilikuwa punje.

14/ Halafu zikaja punje za haraka. Kura ya maamuzi ya 2005 iligawa nchi kambi mbili, na kambi hizo zikabaki hivyo hadi uchaguzi. Makamishna wengi wa tume ya uchaguzi waliteuliwa na upande mmoja, kinyume na mapatano ya 1997. Upande uliotangazwa kushindwa ukasema wazi hauna imani na mahakama. Yaani kufikia tarehe 30 Desemba, sufuria ilikuwa inachemka na kila tundu la kutolea mvuke limezibwa.

15/ Kitu cha pili cha kuangalia ni mizunguko inayojilisha yenyewe. Waliofurushwa kaskazini mwa Bonde la Ufa walipanda magari na malori wakaja Nakuru na Naivasha. Kila gari lilileta majeruhi na masimulizi. Masimulizi yakazaa hasira, na mwishoni mwa Januari wenye hasira wakawageukia majirani ambao hawakuwa wamefanya lolote. Hao nao wakapanda magari kuelekea magharibi, na masimulizi yao. Kufikia hapo fujo hazikuhitaji tena matokeo ya kura. Zilikuwa zinajilisha zenyewe.

16/ Simu na redio zikaharakisha mzunguko. Jumbe za chuki zilitoka simu hadi simu. Matangazo ya moja kwa moja yalipigwa marufuku tarehe 30 Desemba, na pengo la habari likajazwa na uvumi. Na serikali yenyewe haikuwa mtazamaji: tume ya Waki iligundua kwamba watu 405 kati ya waliokufa waliuawa kwa risasi. Risasi iliyokusudiwa kupandisha vizingiti, mahali pengi ilivishusha.

17/ Cha tatu ni miunganisho. Reli ikang'olewa Kibera, barabara ya kwenda Malaba ikafungwa kwa mawe, na mtu wa Kampala na wa Kigali akakosa mafuta. Hao hawakupiga kura Kenya. Lakini mzigo wao ulikuwa unapita kwenye kamba moja, nasi tukaikata. Mfumo ukiwa umefungamana hivyo, hakuna kinachoitwa "shida ya ndani."

18/ Sasa najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Kwa hivyo unasema hakuna aliyepanga?" Hapana. Soma ripoti. Tume hiyo hiyo iliona kwamba kuna mahali fujo zilizuka zenyewe, na kuna mahali zilipangwa na kulipiwa. Sayansi hii haimwoshi mtu mikono. Mwenye kiberiti ana hatia ya kiberiti. Ninachosema ni kwamba ukimfunga yeye ukaacha nyasi kavu, umengoja tu mwenye kiberiti mwingine.

19/ Haya, na utabiri? Jack Goldstone na wenzake walichapisha mwaka wa 2010 mfano wa kukadiria nchi zipi zitapata misukosuko miaka miwili mbele. Walipatia kwa zaidi ya asilimia 80. Na hawakuhitaji orodha ndefu. Jambo zito zaidi lilikuwa aina ya utawala: hatari kubwa haiko kwenye udikteta kamili wala demokrasia kamili. Iko katikati, hasa pale siasa zimegawanyika kwa makundi yanayoona kushindwa ni kupoteza kila kitu. Soma tena sentensi hiyo huku ukifikiria Kenya ya 2007.

20/ Mfano mwingine. Tarehe 13 Desemba 2010, watafiti wa taasisi moja ya mifumo changamano huko Marekani waliiandikia serikali yao kuonya kwamba bei za chakula duniani zinaelekea kuleta misukosuko. Siku nne baadaye, kule Sidi Bouzid, Tunisia, mchuuzi Mohamed Bouazizi alijiwasha moto. Kufikia tarehe 14 Januari rais wa nchi hiyo alikuwa ametoroka.

21/ Je, walitabiri Bouazizi? La. Hawakujua jina, mji wala siku. Walichoona ni mteremko. Na kumbuka bei zilipanda kila mahali, lakini si kila nchi ililipuka. Huo ndio mpaka wa sayansi hii, na mtu akikuambia anaweza kukupa tarehe, anakuuzia hewa. Dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu hayakuambii tone la kwanza litaangukia paa la nani. Lakini yanakuambia uanue nguo.

22/ Na nguo tumewahi kuanua. Watu husahau 2010. Miaka miwili na nusu tu baada ya moto, nchi hiyo hiyo ilienda kwenye kura ya maamuzi kuhusu katiba mpya. Bonde la Ufa wengi walikuwa wanapinga, nchi nyingi inaunga mkono. Tarehe 13 Juni milipuko ikatokea kwenye mkutano wa maombi Uhuru Park, wa waliopinga. Watu wakafa. Kama unatafuta cheche, ile ilikuwa cheche kubwa.

23/ Haikuwaka. Tarehe 4 Agosti watu wakapiga kura, katiba ikapita kwa takriban asilimia 67, walioshindwa wakakubali. Kwa nini? Vigogo wa kambi kubwa za 2007 walikuwa upande mmoja. Tume mpya ya uchaguzi ilitangaza matokeo ya maeneo bunge yakiingia, hivyo uvumi haukupata pengo. Na jukwaa la Uwiano liliwaunganisha tume ya utangamano, kamati za amani na mashirika ya raia: mtu anatuma ujumbe wa simu akiona vijikaratasi au kusikia vitisho, na watu wa eneo hilo wanafika mapema kuzungumza.

24/ Ona walichofanya. Ardhi haikuwa imetatuliwa. Chuki haikuwa imeisha. Walichokata ni mizunguko. Walimgeuza yule mtu wa pili pale stendi, anayengoja mmoja, akawa anangoja wawili. Inasikika ndogo, lakini mnakumbuka hesabu yake.

25/ Lakini msijipongeze sana, kwa sababu mfumo hujifunza na kubadilika. Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, wengi waliozoea kusoma Kenya kwa ramani ya makabila walipitwa. Vijana walitafsiri mswada kwa lugha za nyumbani wakaueleza TikTok na X. Maandamano yakatoka kwenye miji ambayo haikuwa na historia ya kuandamana. Tarehe 25 watu waliingia bungeni, na vijana wakapigwa risasi. Siku moja baadaye mswada ulikuwa umekataliwa na kuondolewa.

26/ Mwaka wa 2007 simu ilisambaza hofu ya jirani. Mwaka wa 2024 simu ilimwonyesha kila mtu kwamba si yeye peke yake aliyechoka. Mtu aliyekuwa anangoja kuona elfu moja, aliwaona kabla ya kutoka nyumbani. Na bado swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa lipi? "Nani amewafadhili?" Wueh. Kiberiti tena.

27/ Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Utasikia ripoti zikitaja "maeneo hatari." Kuwa makini nazo, kwa sababu onyo nalo ni sehemu ya mfumo. Ukitangaza mtaa fulani utalipuka, wenye duka wanafunga, wapangaji wanahama, polisi wanajazwa na silaha, na waliobaki wanatazamana kwa wasiwasi. Umeshusha vizingiti kwa kusema tu. Onyo zuri linampelekea habari mtu anayeweza kuzungumza na pande zote, kabla ya kupelekea mtu mwenye bunduki.

28/ Kwa hivyo msimu huu ukisikia mjadala, uliza maswali matatu badala ya moja. Mteremko: ni malalamiko gani yamekaa miaka bila kushughulikiwa? Mizunguko: jambo dogo likitokea hapa, nini kitalikuza na nini kitalizima? Matundu ya mvuke: anayeshindwa ana mahali pa kwenda anapopaamini? Mkikosa jibu la hilo la tatu, msiseme baadaye kwamba hakuna mtu angejua.

29/ Mwaka jana nilimweleza mamangu haya yote, mchanga, stendi, vizingiti. Akanisikiliza hadi mwisho, akacheka. Akasema kufikia Oktoba 2007 mwenye duka letu alikuwa ameacha kukopesha baadhi ya watu. Kikundi chao cha akina mama cha kuweka akiba kilianza kukutana mara mbili, kila lugha na siku yake. Na majirani waliozoea kumsalimia kwa Kiswahili walianza kusalimiana kwa lugha za kwao, akipita wananyamaza.

30/ Nikamuuliza, "Sasa, mama, ulimwambia nani?"

Akanitazama. "Ningemwambia nani?"

31/ Mimi nadhani hapo ndipo tulipo bado. Mawingu yanaonekana, na wanaoyaona kwanza ni mama mboga, mhudumu wa bodaboda, mwalimu, mwenye nyumba ya kupanga. Kama mtaani kwenu kuna kitu kimebadilika, salamu, mkopo, siku ya mkutano, kiandike hapa chini. Usitaje kabila la mtu, na usitaje mwanasiasa, tafadhali. Nitasoma yote.